Kupanda kwa Awamu: Kutoka Delhi hadi Leh

Mtu wa pwani anayepanga safari ya kaskazini mwa India ana pa kuanzia: upepo wa kusi. Upepo huu unaovuma Mombasa kuanzia Aprili ndio uliokuwa ukiyapeleka majahazi Bara Hindi tangu zama za kale, na ndio huohuo unaobeba unyevu wa bahari na kuugeuza mvua juu ya India kuanzia Juni. Mwisho wa Juni mvua hiyo huwa imeshafika kwenye safu za kwanza za Himalaya. Huko mawingu hukwama, hupanda, hupoa na kumwaga maji kwa wiki nyingi mfululizo. Barabara za jimbo la Himachal Pradesh hufunikwa na maporomoko ya udongo na mawe. Julai 2023 Mto Beas ulifurika ukabeba barabara, madaraja na nyumba katika bonde la Kullu na Manali. Lakini ukivuka milima hiyohiyo hadi upande wa pili, Ladakh ni jangwa la baridi linalopata takribani milimita 100 tu za mvua kwa mwaka, kwa sababu mawingu huwa yamemaliza maji yake kabla ya kuvuka.

Nilipolielewa hilo, tarehe za safari zilijitokeza zenyewe. Barabara ya Manali hadi Leh hufungwa na theluji majira ya baridi, ikafunguliwa tena theluji ikishaondolewa, kwa kawaida kufikia Juni. Mvua huanza kuondoka kaskazini magharibi mwa India katikati ya Septemba, na kuanzia Oktoba theluji huanza kuvirudia vipito vya juu, yaani zile sehemu barabara inapovukia mgongo wa mlima. Zinabaki nafasi mbili kwa mtu anayetaka kuona miji ya tambarare na milima katika safari moja: wiki chache za Juni kabla mvua haijakolea, na nusu ya pili ya Septemba. Tulichagua Septemba, kwa kuwa Juni joto la Delhi linatesa, na kwa kuwa anga iliyooshwa na mvua huonyesha vilele vizuri.

Nilisafiri na dada yangu mkubwa, muuguzi wa miaka mingi. Mimi nilikuwa na orodha ya mahekalu, misikiti na masoko. Yeye aliisoma yote, akaikunja, akasema: "Haya yote mazuri, mdogo wangu. Lakini usiniambie tutapita wapi. Niambie tutalala wapi, na pana urefu gani." Kuanzia hapo tuliipanga safari kutoka juu kushuka chini, ingawa tungeisafiri kutoka chini kupanda juu. Tuliandika kwanza Leh, mji mkubwa wa Ladakh, ulioko mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro ataelewa nikisema ni chini kidogo tu ya kambi ya Horombo, iliyoko mita 3,720. Na barabara inayoufikia mji huo kutoka Manali hupita Tanglang La, mita 5,328, juu kuliko Point Lenana ya Mlima Kenya yenye mita 4,985. Kwenye urefu huo kila pumzi hukupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa ufukoni.

Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni hii: ukishavuka mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya kitanda cha leo na cha kesho, na kila unapopanda mita 1,000 upumzike usiku wa ziada. Tulipoiweka kanuni hiyo juu ya ramani, mambo yalibadilika. Delhi na Amritsar ziko tambarare, chini ya mita 250. McLeod Ganj, juu ya Dharamshala, na Manali ziko kwenye mita 2,000 na kidogo. Jispa, kijiji kilicho ng'ambo ya milima ya Manali, kiko mita 3,200 hivi. Kisha Leh. Hizo ndizo ngazi zetu. Wasafiri wengi wanaotoka Manali hulala Sarchu kwa kuwa ni nusu ya njia, lakini Sarchu iko takribani mita 4,290, na aliyelala Manali jana yake huwa ameongeza zaidi ya mita 2,000 kwa siku moja. Dada aliikata Sarchu kwa kalamu nyekundu. Tukaamua kukaa Jispa zaidi ya usiku mmoja, halafu twende Leh kwa mwendo wa siku moja ndefu.

Makaratasi hayakuwa magumu, mradi tuyaanze mapema. Visa ya India Mkenya huiomba mtandaoni, na tovuti ya serikali ni ile inayoishia na gov.in, kwa kuwa ziko nyingine nyingi zinazoiga sura yake na kutoza ada za juu. Anayetoka Kenya au Uganda lazima awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Asiye nayo anaweza kutengwa hadi siku sita kwenye karantini. Tiketi za treni huanza kuuzwa siku 60 kabla ya safari, na njia zinazopendwa hujaa haraka. Ukikosa kiti unaweza kupewa namba ya kusubiri, lakini namba hiyo haikuhakikishii kupanda. Laini ya simu ya kulipia kabla uliyoinunua Delhi hainasi Ladakh, kwa hiyo tulichapisha kila hati kwenye karatasi: visa, hoteli, bima na tiketi ya ndege ya kurudi.

Delhi tuliipa muda wa kutosha kupoza uchovu wa ndege. Tulisali Ijumaa katika Jama Masjid, msikiti wa mawe mekundu na marumaru nyeupe uliokamilika mwaka 1656 katika utawala wa Shah Jahan, mfalme yuleyule aliyejenga Taj Mahal. Alhamisi jioni tulikuwa kwenye dargah, yaani kaburi linalozuriwa, ya Nizamuddin Auliya, walii aliyefariki mwaka 1325. Pembeni yake amezikwa mwanafunzi wake, mshairi Amir Khusrau. Waimbaji wa kawali huketi chini wakiyaelekea makaburi, harmonia ikianza taratibu, makofi yakifuata, na watu waliokuwa wakipita na maua ya waridi wakisimama walipo. Kwa aliyekulia karibu na maulidi ya Lamu, mahali hapo hapahitaji mkalimani.

Kutoka Delhi hadi Amritsar ni kama kilomita 450, mwendo wa saa sita hivi kwa treni ya Shatabdi, yenye viti na chakula. Dirishani ilipita Punjab: mashamba ya mpunga yaliyoanza kugeuka manjano, mifereji iliyonyooka, vijiji vya matofali na matrekta. Niliitazama nchi hiyo kwa makini kwa sababu sehemu ya historia ya Kenya ilitoka hapo. Reli ya Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901 na vibarua karibu 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao kutoka Punjab. Takribani 2,500 walifia kazini, na maelfu wengine walibaki Afrika Mashariki baada ya kazi kwisha.

Amritsar ni mji ulioasisiwa na Guru Ram Das mwaka 1577. Harmandir Sahib, ambalo wageni huliita Hekalu la Dhahabu, limesimama katikati ya bwawa, na mwaka 1604 Guru Arjan aliweka humo kitabu kitakatifu cha Masingasinga. Dhahabu yenyewe iliongezwa karne ya 19 na Maharaja Ranjit Singh. Hekalu lina milango minne, kila upande mmoja, na kila anayekuja anaingia: avue viatu na soksi, anawe miguu kwenye mfereji mfupi wa maji ulio langoni, afunike kichwa. Sisi tulijitanda leso zetu. Tulifika kabla ya alfajiri, wakati kitabu kinapoletwa hekaluni kwa machela iliyopambwa huku umati ukisogea kuibeba hata kwa hatua chache. Nyimbo za ibada zilitoka ndani na kuenea juu ya maji, na wazee kwa vijana walikuwa wakioga kimyakimya ukingoni.

Kilichonishika zaidi ni langar, jiko la hekalu. Humo hulishwa makumi ya maelfu ya watu kila siku, usiku na mchana, bila malipo na bila kuulizwa dini. Unapewa sinia la chuma lenye vyumba, bakuli na kijiko, unaingia ukumbini na kukaa chini kwenye mkeka mrefu, tajiri na maskini bega kwa bega. Mhudumu anapita na ndoo ya dali, anachota kwa upawa na kumimina bila kusimama. Wa pili analeta mboga, wa tatu wali wa maziwa. Chapati haiwekwi siniani: unakinga viganja vyote viwili pamoja, nayo inadondoshwa humo ikiwa moto, kama kitu unachokabidhiwa. Ukimaliza unatoka na sinia lako hadi mahali pa kuoshea, ambako mamia ya masinia hugongana kwenye mabirika ya sabuni kwa kishindo kinachosikika hadi uani.

Watu wengi wanaofanya kazi humo ni wa kujitolea. Nasi tuliketi na kikundi cha wazee waliokuwa wakimenya vitunguu saumu. Mzee mmoja wa kilemba cha buluu alituuliza kwa Kiingereza cha polepole tunatoka wapi. Dada aliposema Kenya, mzee aliinua uso. "Makindu!" akasema. Binamu yake aliyekaa Nairobi alimsimulia habari za gurdwara (hekalu la Masingasinga) ya Makindu, iliyojengwa mwaka 1926 kando ya reli, ambayo hadi leo huwapa chakula bure wasafiri wa barabara ya Mombasa. Tulimwambia tumekula pale mara nyingi, tangu tukiwa watoto, basi likisimama. Akatusogezea rundo lake la vitunguu na kusema, "Basi hapa ni kwenu, beti," yaani binti. "Menyeni." Dada yangu, ambaye si mwepesi wa machozi, aliinama akaendelea kumenya.

Hatua chache kutoka hekaluni kuna bustani ya Jallianwala. Tarehe 13 Aprili 1919, siku ya sikukuu ya Baisakhi, Jenerali Dyer wa jeshi la Uingereza aliingia hapo na askari, akaamuru wapige risasi umati uliokusanyika bila silaha, pasipo onyo. Zilipigwa risasi 1,650 kwa muda wa dakika kumi hivi. Ripoti rasmi ya wakati ule ilihesabu maiti 379. Wahindi wenyewe walihesabu zaidi. Alama za risasi bado ziko ukutani zimezungushiwa mistari, na kisima ambamo watu walijitupa kuzikimbia kipo. Usipite Amritsar bila kuingia hapo, na baada yake ingia Makumbusho ya Kugawanywa kwa India, yaliyofunguliwa mwaka 2017 katika jengo la zamani la manispaa. Humo utaona masanduku, barua na nguo za watu waliohama mwaka 1947, pale mpaka wa nchi mbili ulipopitishwa katikati ya Punjab. Nchi ya kaskazini haieleweki bila mwaka huo.

Kutoka Amritsar basi huelekea kaskazini mashariki hadi Pathankot, kisha tambarare inakwisha ghafla na ukuta wa safu ya Dhauladhar unasimama mbele yako. Dharamshala iko chini ya ukuta huo, na ndiyo maana hupokea mvua nyingi kuliko karibu mji wowote wa Himachal. Tulifika mawingu yakianza kuondoka, njia bado mbichi na kuta zikiwa na ukungu wa kijani. Tulilala McLeod Ganj, mtaa wa juu, ambako Dalai Lama wa 14 amekaa tangu 1960, mwaka mmoja baada ya kukimbia Lhasa. Watibeti waliomfuata walijenga hapo shule, hospitali, makumbusho na hekalu kuu. Alasiri tuliwakuta watawa vijana wakifanya mijadala uani: mmoja ameketi, mwingine amesimama, na kila anapotupa swali hupiga kofi kubwa huku mguu ukigonga chini. Mjadala huo ni sehemu ya masomo yao ya miaka mingi. Kulizunguka hekalu kuna njia ya miguu msituni ambayo waumini huifuata upande wa kuume, wakiyazungusha magurudumu ya sala. Vikongwe wenye fimbo walitupita.

Tuliupanda pia mlima wa Triund, takribani mita 2,850, tukarudi kulala McLeod Ganj. Waongozaji wa Kilimanjaro hulijua somo hilo: panda juu, lala chini. Mwili unaonjeshwa urefu kisha unapumzishwa. Dada alikuwa na kipimo kidogo cha oksijeni cha kubana kidoleni, na kila jioni aliandika namba zetu kwenye daftari pamoja na kama tumekula vizuri na kama kichwa kinauma.

Barabara ya kwenda Manali hula siku nzima ya kona. Bonde la Kullu lilikuwa kwenye mavuno ya tufaha: masanduku yamepangwa kando ya njia, malori yakipakia, watoto wakiuza mafungu. Manali yenyewe imejaa hoteli, na barabara yake kuu ina makelele. Ukipanda hadi msitu wa mierezi unakuta hekalu la Hidimba Devi, lililojengwa mwaka 1553 kwa mbao na mawe, paa zake zikipandana kwa ngazi na mlango wake umechongwa wanyama na wacheza ngoma. Hidimba ni mke wa Bhima katika utenzi wa kale wa Mahabharata, na watu wa bonde hilo humheshimu kama mungu wao wa kike. Tulikaa msituni hapo muda mrefu kuliko mahali popote Manali.

Zamani aliyetoka Manali kwenda kaskazini ilimlazimu kupanda kipito cha Rohtang, mita 3,978, na wakati wa theluji bonde la Lahaul, lililo upande wa pili, lilikuwa likitengwa na dunia kwa miezi. Tarehe 3 Oktoba 2020 lilifunguliwa handaki la Atal, lenye urefu wa kilomita 9.02, linalopita chini ya mlima huo. Tuliingia upande wa kusini kukiwa na misonobari, ukungu na maporomoko ya maji. Tulipotokea upande wa pili, jua lilikuwa kali, miteremko mitupu ya rangi ya kahawia, na kijani kimebaki tu pale binadamu alipochimba mfereji. Nilikuwa nimesoma kuhusu mahali mvua ya kusi inapoishia. Sasa nilipaona kwa macho.

Jispa ni kijiji cha ukingo wa Mto Bhaga, chenye mierebi na mashamba madogo. Kazi yetu hapo ilikuwa kunywa maji, kutembea polepole na kulala mapema. Usiku wa kwanza nililala vibaya na kichwa kikagonga. Siku iliyofuata ikapita taratibu, na usiku wa pili nililala fofofo. Dada alinieleza alama za kuangalia, nami naziandika kwa sababu zinaokoa maisha. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na uchovu ni onyo: usipande zaidi mpaka ziishe. Mtu akianza kupepesuka kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema hali amekaa tu, ashushwe papo hapo, hata kama ni usiku wa manane. Dawa ya asetazolamidi husaidia mwili kuzoea, lakini iandikwe na daktari kabla ya safari, na mwenye mzio wa dawa za salfa amweleze mapema.

Tuliondoka Jispa saa kumi alfajiri. Dereva wetu, kijana wa Lahaul aliyetuita "didi" kwa heshima ya dada, alikuwa amejaza tangi na dumu la akiba kwenye kituo cha Tandi, chenye bango maarufu linalotangaza kuwa kituo kinachofuata kipo kilomita 365 mbele. Jua lilitukuta Baralacha La, mita 4,890 hivi, juu ya ziwa dogo la Suraj Tal lililokuwa na barafu nyembamba ukingoni. Baada ya Sarchu barabara inapanda mteremko mmoja kwa kona 21 zinazoitwa Gata Loops. Ukitazama chini unaona malori yaliyopangana kila ngazi. Kule Pang, kwenye mahema ya chakula, mama mmoja alitupa wali wa moto na dali na chai, akakataa tusimame kabla hatujamaliza. Halafu tukaingia uwanda wa Moore, mita 4,700 hivi kutoka usawa wa bahari, tambarare ya kilomita nyingi isiyo na mti. Huko wafugaji wa Changpa huchunga yak na mbuzi ambao sufu yao ya ndani hufumwa pashmina.

Kwenye Tanglang La upepo ulikuwa ukichapa bendera za sala mpaka zinalia. Nilishuka, nikapiga hatua zipatazo ishirini, nikalazimika kusimama. Hakuna maumivu, ila miguu haipokei amri upesi na moyo unasikika masikioni. Dada alinishika kidole akaweka kipimo, akatazama namba, akanitazama machoni, akaniuliza jina la mama yetu na tarehe ya leo. Nilijibu sawasawa. "Dakika kumi tu, didi," dereva alisema, na kweli hakutupa ya kumi na moja. Tuliteremka hadi Upshi, tukaukuta Mto Indus, tukaufuata hadi Leh giza likiwa limeingia.

Leh ina jumba la kifalme la ghorofa tisa lililojengwa karne ya 17 na Sengge Namgyal, na chini yake sokoni kuna msikiti wa karne hiyohiyo. Mabudha na Waislamu wameishi humo pamoja kwa karne nyingi, kwa sababu misafara ya Kashmir, Tibet na Asia ya Kati ilikutana hapo. Tulipumzika siku mbili nzima kabla ya kwenda popote. Anayefika kwa ndege kutoka Delhi ana haja kubwa zaidi ya siku hizo mbili, maana ameruka kutoka tambarare hadi mita 3,500 kwa muda wa saa moja na kitu.

Asubuhi moja tulikwenda Thiksey, monasteri iliyopanda kilima kwa nyumba nyeupe juu ya nyumba nyeupe. Watawa wawili walisimama juu ya paa na kupuliza mabaragumu marefu kuelekea bondeni. Ndani ya ukumbi wa sala wageni huruhusiwa kukaa kando ya ukuta. Watawa wadogo, wengine wa umri wa darasa la kwanza, walikimbia na mabirika ya chai ya siagi na chumvi wakimjazia kila mtu, huku wakubwa wakisoma kwa sauti nzito, ngoma na matoazi yakiingia pale kifungu kinapokwisha. Mmoja alisinzia na kitabu mkononi. Jirani yake akamvuta joho taratibu. Katika jengo la pili kuna sanamu ya Maitreya, Buddha ajaye, yenye urefu wa takribani mita 15, na mgeni anaingilia ghorofa ya juu akakutana na uso wake. Siku nyingine tulishuka Alchi, ambako hekalu dogo la udongo limehifadhi michoro ya ukutani ya karne ya 11 hadi ya 13, yenye mkono wa mafundi wa Kashmir.

Ziwa la Pangong, lililo juu ya mita 4,200 na linalogawanywa na mpaka wa India na China, hatukulifuata. Mgeni huhitaji kibali kinachoombwa kupitia wakala aliyesajiliwa Leh, na safari yake ni ndefu. Tuliamua siku hizo tuziweke akiba, na uamuzi huo ulitufaa: ndege za Leh huruka hasa asubuhi kwa sababu ya upepo wa mchana, na wingu likikaa juu ya bonde zinasitishwa. Yetu ilisitishwa, tukaondoka siku iliyofuata bila hofu. Agra, mji wenye Taj Mahal, nayo tuliiweka mwisho makusudi, kabla ya ndege ya nyumbani, ili safari ikirefuka tupoteze matembezi, tusipoteze tiketi. Tulibahatika, tukaliona Taj Mahal asubuhi na mapema. Kumbuka tu kwamba Ijumaa hufungwa kwa watalii.

Jambo moja la Ladakh lazima niliseme kwa uzito. Sensa ya 2011 ilihesabu huko watu wasiofika 275,000, na miaka ya karibuni wageni wa mwaka mmoja wamewazidi wenyeji. Maji ya kunywa na ya mashamba ya shayiri hutoka kwenye theluji na barafu za juu, ambazo zinapungua, na hoteli nyingi za Leh zimechimba visima kuwatosheleza wageni. Mhandisi Sonam Wangchuk aliwaonyesha wanavijiji namna ya kuyanyunyiza maji ya kijito hewani wakati wa baridi kali mpaka yajenge mnara wa barafu wenye umbo la pia. Barafu hiyo huyeyuka polepole na kunywesha mimea inapopandwa katika majira ya kuchipua. Watu wanaohifadhi maji kwa bidii namna hiyo wanastahili mgeni anayeoga kwa ndoo, anayejaza chupa yake mwenyewe na asiyedai taulo mpya kila asubuhi.

Kwa msomaji anayekusudia safari hii, ushauri wangu ni huu. Nenda nusu ya pili ya Septemba. Andika kwanza utakapolala na urefu wake, ndipo uandike utakachoona. Weka siku mbili za akiba mwishoni, na mtu wa kundi lenu mwenye ujuzi wa tiba apewe mamlaka ya kusema "turudi" bila kubishiwa. Na ukiwa na wiki moja tu, baki Amritsar na Dharamshala, ambazo zinatosha kabisa kuwa safari. Leh isubirishe mpaka upate siku za kupanda polepole.